Ukibebwa na mto, usikimbilie kusimama

Mtu akitumbukia mtoni, kitu cha kwanza mwili wake unachokitafuta ni chini. Miguu inashuka yenyewe, vidole vinapapasa mchanga, na vikishagusa tu, moyo unatulia: balaa limekwisha. Ufukweni mwa ziwa hilo ni kweli kabisa. Kwenye mto unaokwenda kasi, hapo ndipo balaa linapoanza, na linawapata hata wanaojua kuogelea, tena kwenye maji yasiyofika kifuani.

Wengi tuliokulia jirani na mito hatukuwahi kuelezwa hili. Tuliambiwa tusicheze mtoni, na tuliambiwa mto una wenyewe. Akifa mtu maji, ilisemwa kwamba kina kilimshinda au hakujua kuogelea. Lakini mto si bwawa refu lililolazwa kwa ubavu. Bwawani maji yamekaa na wewe ndiye unayehama. Mtoni maji ndiyo yanayohama, na hatari iko kwenye vile vitu yanavyokubamiza navyo au yanavyokukwamisha navyo: jiwe, mti ulioanguka, waya wa uzio, nguzo ya daraja, mguu wako mwenyewe.

Uzito wa maji yanayotembea

Aliyewahi kujitwika ndoo ya lita 20 anajua kilo 20 zinavyokaa shingoni. Mita moja ya ujazo wa maji ni tani nzima. Sasa chukua mto mdogo tu, upana wake mita 10, kina nusu mita, kasi yake mita 2 kwa sekunde. Mto huo unapitisha tani 10 kila sekunde. Ni kama Fuso iliyojaa mchanga inapita mbele yako, halafu nyingine, halafu nyingine, bila nafasi katikati.

Kinachotudanganya zaidi ni kasi. Maji yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea, yaani kilomita 5 hivi kwa saa, yakikufika mapajani yanaisukuma miguu yako kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 8. Unavumilia. Mto ukiongeza kasi hadi kilomita 10 kwa saa, mzigo haufiki 16 kama unavyodhani, unafika kilo 30. Ukienda kilomita 20 kwa saa ni kilo 120. Kila kasi inapozidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Ndiyo maana kivuko ambacho asubuhi mtoto wa shule alivuka akicheka, jioni kinambeba baba yake, ilhali ukitazama kwa macho maji yameongezeka kiganja kimoja tu.

Niliwahi kukaa karibu saa tatu ukingoni mwa korongo moja lililokata barabara, magari yamepanga foleni pande zote mbili, mama lishe amekwisha kuwasha jiko na kuuza chai. Vijana walikuwa wakivusha watu kwa buku moja. Mmoja wao, mkubwa kidogo kuliko wenzake, nilimwangalia muda mrefu kwa sababu ndiye pekee ambaye hakuwa na haraka. Kabla ya kila safari alivunja kijiti, akakitupa majini, akatembea nacho ukingoni. Kijiti kikimwacha, anarudi kukaa. Kikienda naye sambamba, anaingia. Akiwa ndani, uso wake ulielekea juu, maji yanakotoka, fimbo yake ameichomeka mbele kama mguu wa tatu, na anasogea kwa ubavu kama kaa, mguu mmoja hausogei mpaka mwingine umekaa sawasawa. Hakukata mto moja kwa moja. Alikwenda mshazari, akishuka kidogo na mkondo.

Mwanafunzi mmoja aliyetaka kuvuka mwenyewe akishikwa mkono alikuwa na begi limefungwa mabegani kote. “Dogo, legeza begi. Toa mkono mmoja,” yule kijana akamwambia. Begi likijaa maji lazima uweze kulivua kwa mpigo mmoja. Kwa mama mmoja aliyekuwa anatetemeka alisema tu, “Mama, usiangalie maji, angalia ule mti.” Maji yanayopita chini ya macho yanatia kizunguzungu, na mwenye kizunguzungu huanguka kabla hajasukumwa.

Kisha likapita gogo, likafuatwa na povu la rangi ya chai ya maziwa, majani mabichi na harufu ya udongo. Juu yetu jua lilikuwa linawaka. Yule kijana akachomoa fimbo yake, akaenda kukaa kwa mama lishe. Wenzake wakamcheka. Robo saa baadaye hakuna aliyekuwa akicheka.

Mito ya msimu, zile laga za kaskazini mwa Kenya na makorongo ya Tanzania ya kati, hailetwi na mvua ya hapo ulipo. Inaletwa na mvua ya huko juu, pengine kilomita nyingi kutoka ulipo, usiyoiona wala kuisikia. Kwenye bonde jembamba la hifadhi ya Hell’s Gate, karibu na Naivasha, maji ya namna hiyo yaliua watalii wa ndani mwaka 2012 na yakaua tena mwaka 2019. Bonde likiwa jembamba, maji yakishafika hayana pa kutawanyikia isipokuwa kupanda.

Mguu unaponaswa

Tuseme sasa umeteleza, mto umekubeba. Maji yanakufika kiunoni, unahisi mawe yanapita chini ya soli. Unakita mguu. Mguu unaingia katikati ya mawe mawili, au chini ya mzizi, au kwenye tope. Mguu umesimama lakini mwili haujasimama, kwa sababu maji bado yanakusukuma mgongoni. Unapinda mbele. Ukishapinda, maji yanapata mgongo mzima wa kuusukuma badala ya mapaja tu. Kwa ile kasi ya kilomita 10 kwa saa, ni kama kilo 60 zimekukalia. Ili uchomoe mguu inabidi urudi ulikotoka, kinyume na mkondo, ukiwa umebeba mtu mzima mgongoni. Haiwezekani. Kichwa kiko sentimita 30 tu chini ya uso wa maji, na sentimita hizo zinatosha.

Wanaofundisha uokoaji wa mitoni wanaliogopa jambo hili kuliko kina. Kanuni yao ni fupi: maji yakiwa yanakwenda na yanazidi goti, hakuna kusimama. Hata ukifika pembeni, usinyanyuke. Elea mpaka makalio yakwaruze mchanga, au mpaka mikono iguse chini bila kunyoosha bega, ndipo utambae kutoka.

Badala ya kusimama, unalala chali. Fikiria kiti cha uvivu, kile cha kitambaa ambacho wazee hujilaza barazani jioni. Mwili ukae hivyo hivyo: miguu mbele, ikielekea mto unakokwenda, magoti yamekunjwa kidogo, vidole vya miguu vimechungulia juu ya maji mahali unapoweza kuviona. Kidevu kielekee kifuani ili uone unakopelekwa. Makalio yanyanyue, yakining’inia, mfupa wa mkia ndio utakaokutana na jiwe. Mikono iko pembeni, inapiga maji kama makasia. Jiwe likija, unalipokea kwa nyayo, unalisukuma kama mtu anayepiga mlango teke, unapita. Viatu usivivue. Nyayo zako ndizo bampa.

Nguo nazo zisikupotezee muda. Watu husema nguo zilizolowa zinamvuta mtu chini. Maji yaliyoko ndani ya nguo hayana uzito yakiwa ndani ya maji. Utauona uzito wake unapotoka. Kinachokwaza ni kitambaa kirefu kinachopepea, kanga iliyofunguka au buibui, kwa sababu kinaweza kunasa kwenye tawi. Hicho kikusanye au kiachie kiende.

Kwenye Mto Nile pale Jinja nchini Uganda, na kwenye Tana pale Sagana nchini Kenya, ambako watu hulipa pesa ili warushwe na maporomoko ndani ya maboti ya mpira, mkao huu ndio somo la mwanzo kabla boti halijaondoka. Ila tusijidanganye. Mteja wa Jinja ana kofia ngumu kichwani, jaketi la kujiokolea kifuani, na mtu wa kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, anamfuata nyuma. Mafuriko ya masika yanakuja na mabati, magogo na mizoga, kwenye maji usiyoona ndani yake hata kidole. Mkao unabaki ule ule. Nafasi ya kukosea ndiyo inayopungua.

Pumzi

Sekunde za kwanza ndizo za fujo. Kwenye mito inayoshuka kutoka Kilimanjaro, Mlima Kenya au Rwenzori, maji ni baridi kiasi kwamba mwili unavuta pumzi kwa nguvu bila kukuomba ruhusa. Ikitokea uso uko chini, unavuta maji. Usipange lolote katika dakika hiyo ya kwanza zaidi ya kugeuka chali, kuinua miguu na kuitoa pumzi taratibu. Hofu ya mwili hupungua yenyewe ukiipa nafasi.

Penye mawimbi yaliyosimama, yale yanayorukaruka mahali pamoja, pumzi ina majira yake. Wimbi hukupiga usoni unapofika kileleni. Kwa hiyo vuta hewa ukiwa bondeni, funga mdomo ukipanda, toa ukishuka. Mtu anayepiga kelele za kuomba msaada njia nzima anajijaza maji, na kelele za mto zinamfunika hata hivyo. Piga kelele mara moja ukiona watu, kisha rudi kwenye kazi yako.

Shindana na upana

Mfa maji haachi kutapatapa, na kutapatapa kwa kawaida huelekea upande mbaya: mtu anageukia alikoangukia na kuogelea kurudi juu. Hesabu yake haina huruma. Muogeleaji wa kawaida aliyevaa nguo anakwenda nusu mita kwa sekunde akijitahidi. Mto unakwenda mita 2. Akiogelea kurudi juu, bado anashuka mita moja na nusu kila sekunde, na nguvu zinakwisha. Akizitumia nguvu zile zile kukata kuelekea ukingo, na ukingo uko mita 10, atafika baada ya sekunde 20. Atakuwa ameshuka mita 40 chini ya alipoangukia, na hiyo ni habari njema.

Ukiwa chali, namna ya kukata ni kuelekeza kichwa kimshazari kwenye ukingo unaoutaka, miguu ikibaki upande wa chini, kisha upige mikono nyuma. Mkondo wenyewe unakusukuma pembeni, kama unavyokisukuma kivuko kilichofungwa kwenye waya. Ukiona mahali pazuri pamekaribia na hakuna kizuizi mbele, geuka kifudifudi uogelee kwa nguvu zote hadi uingie. Kulala chali ni kwa ajili ya kujikinga na kuona. Kutoka kunataka jasho.

Mahali pazuri ni wapi? Nyuma ya jiwe kubwa maji hupoa, hata hurudi kinyume taratibu, na takataka huelea pale zikizunguka. Zikiwa zinazunguka, na wewe utakaa. Kwenye kona ya mto, upande wa ndani una mchanga, maji mafupi, mwendo mdogo. Upande wa nje ndiko mkondo wote unakokimbilia, na ndiko unakochimba ukingo mpaka miti inaanguka. Kwa hiyo ukiona kona inakuja, anza kukata kuelekea upande wa ndani mapema, kabla mto haujakuamulia.

Chujio

Miti hiyo iliyoanguka inastahili maelezo yake. Chukua chujio la chai. Maji yanapita, majani yanabaki. Mti uliolala mtoni ni chujio, na wewe ni majani. Maji yanapita katikati ya matawi kwa nguvu ile ile, mwili wako unabandikwa pale, na hakuna anayeweza kukubandua kwa mikono. Uzio wa waya ni chujio. Daraja lililokusanya magogo kwenye nguzo ni chujio. Kalavati lenye nondo mdomoni ni chujio baya kuliko yote.

Hapa, na hapa tu, kanuni ya miguu mbele inageuka. Jitahidi kwanza kuukwepa mti ungali mbali. Ukiona hautakwepeka, usiufikie kwa miguu, maana miguu itapita chini ya shina na mwili utafuata. Geuka kifudifudi, ogelea kuuelekea kwa kasi kubwa kuliko ya maji, na ukiufikia jirushe juu yake, kifua kwanza, upande kama unavyopanda ukuta mbwa akiwa nyuma. Ni jambo la ajabu kulifanya, kuogelea kuelekea kile unachokiogopa, na halimjii mtu kichwani siku ya tukio kama hakuwahi kulisikia.

Jiwe kubwa linalojitokeza ni afadhali. Ukibamizwa nalo, likumbatie, uelemee upande wa jiwe. Ukijivuta nyuma kulikimbia, maji yatapanda kifuani na kukugeuza.

Kizuizi kingine ni kile kinachoonekana kidogo kuliko vyote: drifti, au ukuta mfupi wa zege unaovuka mto mzima, maji yanapita juu yake na kuangukia upande wa pili. Anguko linaweza kuwa la mita moja tu. Chini yake maji hujiviringisha na kurudi ukutani, na kitu kinachoelea kinarudishwa, kinazamishwa, kinaibuka, kinarudishwa tena. Utaona dumu au mpira unacheza pale mchana kutwa. Mtu naye hucheza hivyo. Aliyenaswa asipambane kwenda juu moja kwa moja; maji yanayotoka yako chini karibu na sakafu, au pembeni kwenye ncha za ukuta. Huko ndiko kwa kujikunja na kuzama, au kusogea. Wapo waliotoka hivyo. Mimi ningependa zaidi nikate kuelekea ukingoni mita 50 kabla ya kufika.

Na kwa wasomaji wa Rufiji, Tana na Kagera: mamba na viboko hawana mkao wa kuelea unaokukinga nao. Wao ni sababu nyingine ya kutoka upesi.

Gari si boti, wala si jiwe

Tarehe 4 Desemba 2021, karibu na Mwingi katika kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya wa kanisa waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye Mto Enziu maji yakiwa yanapita juu ya daraja. Watu walikuwa ukingoni wanatazama. Basi likaenda, likasita, likaanza kusogea kwa ubavu, likapinduka upande wa chini. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Wengi waliouliza baadaye walishangaa: basi zito namna ile? Uzito haujibu swali lenyewe. Basi lina ubavu mrefu na bapa. Chukua mita 10 za ubavu, maji yaupige kwa kina cha mita moja yakienda mita 3 kwa sekunde. Msukumo unafika kama tani 4 na nusu, na wakati huo huo maji yanainua basi kutoka chini, yanapunguza kushika kwa matairi. Zaidi ya hapo, maji ya matope hayaonyeshi kama zege chini bado lipo. Ukingo wa daraja unaweza kuwa umeliwa saa moja iliyopita.

Kwa gari dogo hesabu ni fupi zaidi. Sakafu ya gari la saluni ni karibu mita 4 kwa 1.6. Kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya sakafu hiyo zinainua kilo 640. Gari la kilo 1,200 linaelea kabla maji hayajapanda sentimita 20 juu ya sakafu, yaani yakiwa bado hayajafika goti la mtu mzima aliyesimama barabarani. Maji ya sentimita 60 hubeba hata magari makubwa ya safari.

Gari likishaelea, kazi zako ni chache na hazingoji. Fungua mkanda. Shusha kioo sasa hivi, umeme ungali upo. Toa watoto kwanza kwa dirishani, kisha nyote pandeni juu ya paa. Msihangaike na mlango: maji ya nusu mita yakiuegemea mlango wenye upana wa mita moja, yanaushikilia kwa nguvu ya kilo 125 hivi. Simu, mkoba na nyaraka ndivyo vinavyowapotezea watu dakika ile moja waliyokuwa nayo. Ukiwa juu ya paa, kaa hapo maadamu gari limetulia. Likianza kubiringika, ondoka mbali nalo kisha lala chali, miguu mbele.

Aliye ukingoni

Kwenye ajali za maji mara nyingi hufa mtu wa pili, yule aliyejitosa kumfuata wa kwanza. Ndugu humfuata ndugu. Kumzuia ni ukatili, na ni lazima. Ukingoni ana msaada mkubwa zaidi akiwa mkavu.

Jambo linalofanywa sana huku kwetu, na kwa nia njema kabisa, ni kijana hodari kufungwa kamba kiunoni kisha wenzake wakaishika. Msifanye hivyo. Mkondo ukimshika na kamba ikakazika, maji yanamkandamiza chini, na kadiri wenzake wanavyovuta ndivyo anavyozama. Fundo likilowa halifunguki. Waokoaji waliosomea huvaa jaketi lenye mkanda wa kufyatuka kwa mkono mmoja. Bila hilo, kamba irushwe mtoni bila mtu.

Kwanza mnyooshee kitu kirefu, mti au bomba, wewe ukiwa umelala chini. Kama hafikiki, rusha. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko linanyanyua karibu kilo 20, wakati mtu anahitaji kilo 5 tu hivi ili mdomo wake ubaki juu ya maji. Hata dumu la lita 5 la mafuta ya kula linamtosha. Lifunge kwenye kamba. Kamba ikikosekana, kanga nne zilizoungwa kwa mafundo zinafika kama mita 5. Mwite kwa sauti, “Kamba!”, ili atazame, kisha rusha ipite juu ya kichwa chake imwangukie. Kaa chini, kita visigino, usijiviringishie kamba mkononi. Huna haja ya kumvuta juu dhidi ya maji. Shikilia tu, na mkondo wenyewe utamzungusha kama bembea hadi ukingoni chini yako. Kwa hiyo angalia huko chini kwanza kuna nini. Ukisimama mahali ambapo chini yake kuna mti ulioanguka mtoni, utampeleka kwenye chujio.

Aliye majini naye aishike kamba kifuani kwa mikono miwili, alale chali, aipitishe juu ya bega la upande wa mbali na mvutaji. Asijifunge. Wakati hayo yanaendelea, mwingine apige simu: Zimamoto na Uokoaji Tanzania ni 114, Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199.

Akishatolewa, msimning’inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Tumbo likikamuliwa hutoa chakula, na chakula huziba njia ya hewa. Asiyepumua amekosa hewa, basi mpeni hewa: kichwa nyuma kidogo, pua imebanwa, mpulizie mdomoni mara 2 hadi 5 mpaka kifua kiinuke, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, pulizia mara 2, na kurudia bila kuchoka hadi apumue au wafike wanaojua zaidi. Anayepumua apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa, hasa akiwa anakohoa. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Na akizinduka pale ukingoni, jambo la kwanza atakalotaka ni kusimama. Mlazeni kwa ubavu, mfunikeni nguo kavu.